Haibiskasi nyekundu kwenye giza: jinsi ya kuipiga na kuihariri kwa simu

Wengi wakitaka picha ya ua ivutie, hukimbilia kuongeza rangi, na ua linaishia kuonekana kama stika. Nguvu ya picha za aina hii iko kwenye giza linalolizunguka ua, na sehemu kubwa ya giza hilo huandaliwa bustanini, kabla hujagusa programu yoyote. Natumia haibiskasi nyekundu, ile ya kwenye uzio, kwa sababu ni ngumu kidogo. Ukiiweza hiyo, waridi halitakusumbua.

1. Wahi asubuhi. Ua la haibiskasi kwa kawaida halimalizi siku mbili, kwa hiyo tafuta lililochanua asubuhi hiyohiyo. Saa moja hadi saa mbili ndiyo saa yangu. Huku kwetu jua hupanda haraka, na ikifika saa nne linamwaga mwanga kutoka juu na petali zinapauka. Siku ya mawingu, piga muda wowote.

2. Weka kitu cheusi nyuma. Buibui kuukuu linafaa sana, mradi kitambaa chake kisiwe cha kung'aa. Mpe mtu alishike kama mita moja nyuma ya ua, na liwe kivulini. Usilibandike karibu na ua, maana litapata mwanga uleule na kuwa la kijivu. Kama huna kitambaa, zunguka mpaka nyuma ya ua pawe na mlango wa stoo ulio wazi.

3. Mwanga utoke ubavuni. Simama mahali ambapo jua liko kushoto au kulia kwako, likiwa nyuma ya ua kidogo. Hapo mwanga hupenya petali na mishipa yake inaonekana. Wengine huweka karatasi nyeupe ya manila upande wa giza ili kuurudisha mwanga. Mimi siweki; nataka upande mmoja upotee.

4. Piga. Futa lenzi kwanza. Zima flashi na HDR, kwani HDR kazi yake ni kuangaza vivuli, na sisi tunavitaka. Achana pia na ile hali ya simu ya kufifisha nyuma (Portrait), maana mara nyingi hukata vijiti vyembamba vya katikati ya ua. Rudi nyuma kidogo, kisha kuza (zoom) mara mbili, yaani 2x.

Sasa tazama ncha ya mhimili unaochomoza katikati: kuna vidoti vitano vyekundu kama vya mahameli, na chini yake chembe za njano za chavua. Gusa hapo kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha alama ya jua mpaka mishipa ya petali ionekane. Usiruke hatua hii. Rangi nyekundu hujaa upesi kwenye kamera, na ikishajaa, petali inakuwa bapa na hakuna kuhariri kutakakoirudisha. Picha itaonekana ina giza mno, iache hivyo.

Ukitaka matone, changanya maji na gliserini ya dukani kwenye chupa ya kupulizia. Hayakauki upesi kama maji matupu.

5. Hariri. Natumia programu ya Snapseed, ni ya bure. Anza na Tune Image: punguza Shadows na Ambiance, Saturation usiiguse. Kisha chukua Selective, gusa doa lolote la nyuma linalong'aa, tumia vidole viwili kubadili ukubwa wa duara, halafu telezesha kidole kushoto mpaka doa lizame. Weka nukta nyingine kwenye chavua na uiangaze kidogo tu. Kunoa picha (sharpening) nako kuishie hapo kwenye chavua. Petali zikinolewa zinakuwa kama ngozi iliyochubuka.

6. Jaribu nyeusi na nyeupe. Humo humo kuna vichujio vya rangi. Kichujio chekundu hulifanya ua ling'ae na majani yazame gizani. Cha kijani hufanya kinyume, ua linakuwa jeusi. Kwa haibiskasi nachagua chekundu karibu kila mara.

Bogenvilia hufuata njia hiyohiyo, ila kumbuka zile rangi zake ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe cha katikati, fokasi iwe hapo.

Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili isibanwe. Ukiipeleka kuchapishwa, ongeza mwanga kidogo kwanza, kwa sababu karatasi huongeza giza kuliko skrini.