Kumwandaa mtoto mwenye usonji kwa shule ya kawaida jijini Mwanza

Mzazi anayetaka mtoto wake mwenye usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, asome katika shule ya msingi ya kawaida aanze maandalizi wakati wa likizo ya Desemba, madarasa yangali matupu. Aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha ampeleke mtoto mara kadhaa kwa njia ileile watakayoitumia muhula ukifunguliwa, waone darasa, vyoo, bomba la maji na mahali inaponing'inizwa kengele. Katika shule nyingi kengele ni rimu kuukuu ya gari inayogongwa kwa chuma. Mtoto anayeteswa na sauti za ghafla aione, na akiruhusiwa aigonge mwenyewe, kabla haijamshtua.

Ninasisitiza sauti kwa sababu kelele humshinda mtoto wa namna hii mapema kuliko hesabu. Mvua ya vuli ikipiga bati la darasa lisilo na dari, hata mwalimu hasikiki, na mtoto anaweza kuziba masikio, kulia au kukimbia nje, jambo ambalo asiyejua hulichukulia kuwa utovu wa nidhamu. Kubalianeni na mwalimu wa darasa kwamba mtoto aketi mbele, kando ya ukuta, na kwamba kelele zikimzidi aonyeshe kadi moja anayoijua, atoke kwa dakika chache hadi mahali palipochaguliwa, pasipowahi kutumika kwa adhabu. Akipunga mikono au kujitikisa ili kujituliza, aachwe, maadamu haumii wala hamuumizi mwenzake.

Nyumbani, mchorewe siku nzima kwa picha: sare, daladala ya kutoka Igoma au Buhongwa, mstarini, vipindi, uji, kurudi. Mabadiliko yoyote, hata mwalimu mgeni, atajiwe siku moja kabla. Kuhusu masomo ya ziada ya jioni, maoni yangu ni kwamba mtoto aliyevumilia kelele tangu asubuhi hufaidika zaidi na mapumziko.

Anachokipenda kitumike kufundishia. Anayependa vyombo vya majini atungiwe hesabu za magari yanayopanda kivuko cha Kamanga, au za saa ambazo meli hutumia kwenda Bukoba. Maagizo yawe mafupi na ya moja kwa moja, kwani wengi wao huyachukua maneno kama yalivyo: anayeambiwa "fungua masikio" anaweza kuyashika masikio yake.

Usonji hautambuliwi kwa kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Wataalamu huchunguza makuzi, mawasiliano na tabia. Rufaa ikihitajika, hospitali ya kanda ni Bugando. Nakala ya ripoti ikabidhiwe shuleni, na shule ikisita kumpokea, mzazi aende kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, iwe ya Manispaa ya Ilemela au, kwa wa Nyamagana, ya Jiji la Mwanza, akijua kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kusoma katika shule ya kawaida.

Mtihani wa taifa unapokaribia, mahitaji yake yaelezwe kwa mwalimu mkuu mapema, wakati wa usajili wa watahiniwa. Majaribio ya darasani nayo yafanyike katika chumba kitakachotumika siku ya mtihani, pamoja na msimamizi asiyemfahamu, ili sura ngeni isimpotezee dakika za mwanzo.