Jinsi ya kukagua rekodi ya dereva kabla ya kumwajiri: mwongozo kwa waajiri wa Nakuru na Kisumu

Mwajiri anayetafuta dereva wa lori la nafaka kati ya Nakuru na Kisumu, au wa matatu inayohudumu Kakamega, hana budi kumjua vyema anayemkabidhi gari. Mnamo tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaparamia watu katika makutano ya Londiani na kuwaua zaidi ya 50. Isitoshe, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamkataza mwenye gari kumruhusu mtu asiye na leseni halali ya aina ya gari hilo kuliendesha, kwa hivyo lawama haiishii kwa dereva.

Kwanza, andika aina ya leseni ambayo kazi inahitaji, kwa kuwa leseni ya B ni ya magari madogo, C ni ya malori, CE ni ya malori yenye trela, na D ni ya magari ya abiria.

Pili, mwombe mwombaji kibali cha maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri amweleze mhusika ni taarifa zipi zinazokusanywa na kwa sababu gani, na mwajiri anayetegemea kibali ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba kilitolewa.

Tatu, kagua leseni halisi pamoja na kitambulisho chake, ukilinganisha jina, nambari, aina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nakala pekee haitoshi, kwani nakala ni rahisi kughushi. Mwombe mwombaji aingie mwenyewe mbele yako katika akaunti yake ya eCitizen, yaani tovuti ya huduma za serikali, afungue huduma za NTSA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi) na kukuonyesha taarifa za leseni yake; usimwombe kamwe nywila yake.

Nne, mtake alete cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ombi huanzia kwenye eCitizen, ambapo mwombaji hulipa ada na kuchapisha fomu ya C24, kisha hupeleka fomu hiyo alama za vidole zichukuliwe, kwa mfano katika Huduma Centre ya Nakuru au ya Kisumu. Mpe muda wa kutosha, kwa sababu cheti hakitoki siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, ingawa waajiri wengi huipuuza: leseni inaonyesha kwamba mtu ameruhusiwa kuendesha, wala haielezi jinsi anavyoendesha. Wapigie simu waajiri wake wa awali, na si wale tu aliowachagua yeye, mradi kibali chake kinaliruhusu jambo hilo. Uliza aliendesha gari gani, katika njia ipi, alipata ajali ngapi, na kwa nini aliondoka. Ukisikia habari mbaya, mwite umsomee na umsikilize kabla ya kuamua, kwa maana ajali aliyosababisha mwingine haipaswi kumnyima mtu riziki.

Baada ya hapo, mpeleke kwenye jaribio la barabarani akiendesha gari la aina ile ile ya kazi, ikiwezekana kwenye mteremko kama wa Salgaa, ukitazama anavyotumia gia na breki. Akifaulu, andika katika faili lake tarehe ambayo leseni yake inakwisha, ili ukaguzi urudiwe kabla ya siku hiyo. Nakala za hati za waombaji ambao hukuwaajiri ziharibiwe mara tu usipozihitaji tena.