Kuvusha waifai hadi nyumba ya uani kwenye kiwanja chenye mwembe

Kabla hujaingia dukani, toka nje, simama kwenye ukuta wa nyumba yenye intaneti na uitazame nyumba ya pili. Kilichopo katikati ndicho kitakachoamua ununue nini. Ukiuona ukuta wa pili wote peupe, kazi ni nyepesi. Kukiwa na tangi la maji, banda la bati au mwembe, hesabu inabadilika, na hapa Tabora mwembe haukosekani kwenye viwanja vingi.

Kazi yangu ni kufunga mitandao hapa mjini, na ombi ninalolipata zaidi ni hili: "Fundi, nyumba kubwa waifai iko vizuri, huku uani haifiki." Uani kuna wapangaji, au chumba cha cherehani, au vijana wamehamishiwa huko wasome kwa utulivu. Mzazi analipia kifurushi kila mwezi, halafu mtoto anatoka usiku kwenda kuegemea ukuta wa nyumba kubwa ili apakue notisi. Hilo linaniuma, maana dawa yake ipo na watu wengi wanaimudu.

Rauta ya nyumbani, yaani kile kisanduku kinachogawa waifai, imetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya nyumba moja. Mawimbi yake yanapotoka yanakutana na tofali za kuchoma, grili za madirisha, nondo za lenta, na mara nyingi bati la kibaraza. Bati halipitishi kabisa, linarudisha. Vioo vile vya kung'aa kama fedha navyo vinazuia sana, tofauti na kioo cha kawaida. Rauta nyingi za sasa zina bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi lakini ni polepole na majirani wote wamejazana humo. Ya 5 ina kasi, ila inachoka mapema ikikuta kizuizi. Kwa hiyo simu ikiwa uani inaonyesha jina la mtandao lakini haifungui kitu, mara nyingi imeshika ile ya 2.4 kwa mbali sana: simu inaisikia rauta, rauta haiisikii simu, kwa sababu simu inarusha kwa nguvu ndogo.

Nizungumzie ripita haraka nipite. Hiki ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Kinafaa kama nyumba mbili ziko karibu na dirishani kwa nyumba ya pili bado unapata mtandao unaofanya kazi. Kichomeke pale ambapo mtandao bado ni mzima, usikipeleke ulikokufa, maana hakiwezi kurudia kisichosikika. Na ujue kwamba ripita inayopokea na kurusha kwa bendi moja inakula karibu nusu ya kasi. Kwa kutuma ujumbe inatosha. Kwa darasa la video hapana.

Njia ya pili ni kuvuta waya. Waya wa mtandao wa kawaida unakubali hadi mita 100, na viwanja vingi vyetu havifiki huko. Pamoja na hayo, mimi sipendi kuvuta shaba kati ya nyumba mbili, na sababu ni radi. Mvua zetu kuanzia Novemba hadi Aprili zinakuja na ngurumo, na radi ikipiga karibu, waya mrefu wa shaba unaounganisha nyumba mbili zenye ethi (waya wa umeme unaozamishwa ardhini) tofauti unakuwa barabara ya umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rauta zinaungua pande zote mbili, pengine na televisheni pamoja nazo. Ukitaka kuchimba mtaro, basi weka faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, ndani ya bomba la plastiki. Zinauzwa zikiwa zimeshafungwa vichwa, na kila upande unaweka kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa umeme wa mtandao. Faiba isiyo na waya wa chuma ndani haipitishi umeme, radi haina njia humo. Kama una uwezo wa kuchimba na faiba inapatikana, acha kusoma hapa ukachimbe. Hakuna kinachoishinda.

Wasioweza kuchimba, kwa sababu uwanja una sakafu ya zege, au shimo la maji taka, au mpangaji hataki, tunaendelea na redio mbili zinazotazamana.

Redio hizi ni visanduku vyeupe vya kufunga nje. TP-Link CPE510 na Ubiquiti NanoStation ndizo nimezizoea. Tofauti yake na rauta ni kwamba rauta inamwaga mawimbi pande zote, redio hii inayaelekeza mbele kama tochi. Moja inakaa nyumba kubwa, imeunganishwa kwa waya mfupi na rauta. Ya pili inakaa uani ikiitazama ya kwanza, na waya wake unaingia kwenye rauta ndogo inayosambaza waifai humo ndani.

Hapa ndipo mwembe unapotaka akili. Majani ya mwembe ni mengi, ni mazito, yana maji ndani yake, na hayapukutiki yote kama ya miti mingine, kwa hiyo kizuizi kipo mwaka mzima. Mvua yenyewe kwa umbali wa kiwanja haina neno kwa bendi hizi. Majani yaliyolowa ndiyo yanayokula mawimbi. Ndiyo maana mtu anafunga redio Septemba, anafurahi, halafu mvua zikianza anapiga simu kwamba kifurushi kimeisha kabla ya wakati. Kifurushi kipo, mwembe umelowa.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu kule Ipuli, aliniita nikakuta tayari ameshamwita mtu wa msumeno. Kati ya nyumba yake na vyumba vya uani kulikuwa na kama mita 60 na mwembe mkubwa katikati. Alikuwa ameambiwa aidha aukate au asimamishe mlingoti mrefu upite juu ya mti. Nikamwomba, "Shikamoo Mwalimu, naomba mti ubaki kwanza, nikuonyeshe kitu." Tulikwenda pamoja chini ya mwembe. Kama miembe mingi ya uwanjani, matawi ya chini yalishapunguzwa zamani ili watu wakae kivulini, kwa hiyo kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa changu palikuwa wazi kabisa, ukiacha shina. Dirisha la kupitishia mawimbi lilikuwepo, ila lilikuwa chini.

Tulichofanya, na wewe unaweza kukifanya, ni hiki. Usiku ukiingia, mtu mmoja anashika tochi kwenye ukuta wa nyumba kubwa, mwingine anasimama uani. Anza na kimo cha mita mbili na nusu, chini ya paa, kisha msogee kushoto na kulia hadi mwenye macho aone mwanga mzima bila tawi wala shina kuukata. Weka alama ya chaki ukutani pande zote mbili. Lakini kuona tochi pekee hakutoshi, kwa sababu mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanavimba katikati ya safari. Kwa mita 60 kwenye bendi ya gigahezi 5, uvimbe huo katikati una nusu-kipenyo cha karibu sentimita 90, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kwa maneno ya uwanjani: pale katikati, kila upande wa mstari wa tochi, nusu mita nzima isiwe na jani, shina wala kamba ya kuanikia nguo yenye mablanketi mabichi. Kwa Mwalimu tulikata vitawi viwili vilivyoning'inia. Mwembe upo, na vyumba vya uani vina mtandao.

Kama hakuna dirisha chini wala pembeni, jaribu redio za bendi ya 2.4, ambayo inavumilia majani kidogo zaidi. Mti ukiwa umeziba moja kwa moja, rudi kwenye faiba.

Sasa kufunga. Redio zote mbili ziandae mezani kwanza, ukiwa kwenye kiti. Kuhangaika na kompyuta juu ya ngazi ni kutafuta kuanguka. Ukurasa wa mipangilio wa CPE510 mpya unafunguka kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.0.254, kwa hiyo ipe kompyuta yako anwani ya familia hiyo, mfano 192.168.0.10. Redio ya nyumba kubwa iweke kwenye Access Point (mrushaji), ya uani iweke kwenye Client (mpokeaji). Kwenye nchi chagua Tanzania, ili kifaa kisirushe nje ya kiwango kinachoruhusiwa hapa. Upana wa chaneli weka megahezi 20. Namba kubwa zaidi inavutia, lakini 20 inastahimili kelele za majirani. Neno la siri liwe refu, na liwe tofauti na lile la waifai ya ndani.

Panga anwani zisigongane. Tuseme rauta kubwa ni 192.168.1.1. Redio ya kwanza ipe 192.168.1.2, ya pili 192.168.1.3, rauta ndogo ya uani 192.168.1.4, na kwenye rauta kubwa elekeza kwamba anwani za simu na kompyuta zianzie 192.168.1.100. Halafu kwenye rauta ya uani zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, na waya utokao kwenye redio uchomeke kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, usiuchomeke kwenye WAN, la kuingizia intaneti. Kuwe na mgawaji mmoja tu. Wakiwa wawili, simu zinapokea anwani huku na huku, leo mtandao upo, kesho haupo, na hakuna atakayejua kwa nini.

Waya wa kutoka ndani hadi kwenye redio uangalie kwa macho yako kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji akate kipande, chukua kisu ukwangue uzi mmoja mwembamba. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inakatika ukiipinda mara chache na inapoteza umeme njiani, wakati redio hizi zinakula umeme kwa waya huohuo wa mtandao. Chagua wenye ganda jeusi la nje, maana jua la hapa linapasua ganda la kawaida. Kichwa ubane kwa mpangilio huu, mdomo wa kufungia ukiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa, lisiishie nje likaacha nyuzi uchi. Na kabla waya haujaingia kwenye tundu la ukuta, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi sebuleni.

Adapta ya redio ina matundu mawili. Lenye maandishi PoE, yaani umeme kupitia waya wa mtandao, linakwenda kwenye redio, lenye LAN linakwenda kwenye rauta. Ukigeuza unaweza kuiunguza rauta. Usichanganye adapta za kampuni tofauti kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Zikishafungwa, redio zote zikiwa wima kwa namna moja, fungua ukurasa wake usome nguvu ya mawimbi. Namba zina alama ya kutoa. Kati ya -50 na -65 ni nzuri. Ikiwa -75 au chini zaidi, legeza kifungio cha redio, mmoja aisogeze redio polepole na mwingine asome namba kwa sauti. Ikiwa -35, punguza nguvu ya kurusha, maana kwa umbali wa uwanja redio mbili zikipigiana kelele sikioni hazielewani, na kasi inashuka badala ya kupanda.

Kwa radi, redio iwe chini ya ukingo wa paa, isiwe kitu kirefu kuliko vyote. Ukiifunga kwenye paipu ya chuma, paipu hiyo iunganishwe kwa waya mnene na fimbo ya ethi iliyozama ardhini. Ngurumo zikikaribia, chomoa adapta za pande zote mbili kwenye soketi, na uchomoe pia waya wa LAN.

Pima kasi uani mchana wa jua na upime tena mwembe ukiwa umelowa. Tofauti ikiwa kubwa, kuna tawi limeota kwenye dirisha lako. Likate kila mwaka kabla ya Novemba. Mwisho, anwani zote nne na maneno ya siri yaandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati lililo karibu na rauta kubwa, ili fundi atakayefuata asilazimike kufuta kila kitu na kuanza upya.