Usimuulize Shangazi Alizaliwa Mwaka Gani

Nilianza vibaya. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nina daftari jipya na kalamu mbili, nataka kuandika kitabu cha historia ya familia yetu, nikaenda kwa shangazi Korogwe kama karani wa sensa. Nikamwamkia, nikakaa, nikauliza: "Shangazi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mama, nitajuaje? Siku hiyo nilikuwa mchanga." Akarudi kwenye mchele wake.

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, yaani bibi yangu. Hilo nalo lilikuja kunisumbua kwenye kitabu, nitalieleza.

Wiki iliyofuata niliacha daftari kwenye mkoba. Nikavuta ungo, tukachagua mchele pamoja, na katikati ya kutoa chuya nikauliza: "Hivi kule kambini, kwenye mkonge, siku ya posho mlikuwa mnapewa nini?" Hapo ndipo alipofunguka. Unga, maharage, chumvi. Foleni ndefu, na mnyapara mmoja aliyekuwa anawapitisha mbele watu wa kwao. Mama yake alikuwa anachota unga kwa kopo moja lililobonyea, na kiganja chake ndicho kilichokuwa mfuniko: akikisawazisha juu ya kopo, unga ukabaki sawasawa, basi ndiyo ya siku hiyo, hakuna kuongeza. Shangazi alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe hewani, kiganja kikipita juu ya kopo lisilokuwepo. Kwa saa moja na nusu nilipata mambo ambayo kwa maswali yangu ya sensa nisingeyapata mwaka mzima.

Kwa hiyo kama unataka kuandika historia ya familia yako, usiulize mwaka. Uliza kazi, chakula, safari, nguo ya kwanza, ugomvi. Muulize mzee akiwa anafanya kitu kwa mikono, na usimkatize akienda pembeni, maana huko pembeni ndiko kwenyewe. Rekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa kwanza na uzime laini. Simu ikiita, kurekodi kunaweza kukatika. Mimi nilipoteza nusu saa nzuri kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Jioni hiyohiyo sikiliza na uandike, ukiacha maneno yake kama alivyoyasema. Ukingoja mwezi, utaandika Kiswahili chako badala ya chake.

Miaka utaipata kwa njia nyingine. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani, ila walikuwa na matukio. Babu yangu alikuwa Mngoni wa Songea, akaja Tanga kukata mkonge kama manamba, wale vibarua wa mkataba waliochukuliwa mbali na kwao na kupewa namba. Shangazi hajui mwaka waliofika. Ila anajua kwamba waliletwa "na lori la Silabu", na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikikusanya vibarua, ilianzishwa 1944. Anajua pia kwamba baba yangu mdogo alizaliwa kambini baada ya wao kufika, na cheti chake cha ubatizo kinasema 1948. Basi walifika kati ya 1944 na 1948, na kitabuni niliandika hivyohivyo, "kati ya". Usione haya kuandika "kati ya" na "yapata". Aibu ni kubuni tarehe.

Tengeneza ukurasa mmoja wa matukio ya kwenu na utembee nao. Wangu ulikuwa na Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wazee walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, vita ya Mjerumani na Mwingereza iliyoanza 1914, keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma katika vita ya pili, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, vita ya Kagera. Kisha unauliza: ulikuwa umeolewa? Ulikuwa umeota meno ya pili? Nani alikuwa mgongoni? Babu, kwa maneno ya mama yake, "alikuwa mgongoni wakati wa Maji Maji", nami nikaandika yapata 1905. Hata fedha husaidia. Aliyelipwa rupia ni wa zamani kuliko aliyelipwa shilingi, na shilingi yenye kichwa cha mfalme ni ya kabla ya hizi zetu, zilizoanza 1966.

Matukio hayohayo yatakusaidia kuamua nani anakumbuka vizuri. Binamu yangu mmoja, msomi, alishikilia kwamba babu alikuja kwa treni, Morogoro mpaka Korogwe, na alisimulia mpaka moshi. Shangazi akasema treni gani, tulikaa juu ya magunia kwenye lori mpaka miguu ikafa ganzi. Sasa, reli ya kuunganisha njia ya kati na njia ya Tanga, ile ya Ruvu hadi Mnyusi, ilikamilika 1963. Binamu anakumbuka safari yake mwenyewe ya utotoni, akampandisha babu humo. Hakuwa anadanganya, na nilimwambia hivyo kwa upole, ingawa bado hajanipigia simu.

Lakini si kila ubishi una reli ya kuumaliza. Babu alitoka Songea kwa nini? Shangazi anasema kodi. Upande wa baba mkubwa wanasema alikimbia kesi ya mahari. Nilihangaika miezi miwili nikitafuta ukweli, mwishowe nikaandika zote mbili, kila moja na msemaji wake, "kwa maelezo ya shangazi" na "kwa maelezo ya watoto wa baba mkubwa". Kitabu hakikuharibika. Hizo ndizo kurasa zinazosomwa sana.

Sasa majina. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu, kwa hiyo ndani ya vizazi vinne nilikuwa na watu watano wa jina moja. Ukichanganya na undugu wetu, ambamo baba wana wadogo na wakubwa na bibi ni wa pande zote, msomaji wa miaka 20 anapotea ukurasa wa pili. Mpe kila mtu namba kwenye daftari lako, na kitabuni mtambulishe kwa kitu kinachomtofautisha: aliyekuwa korona (mtambo wa kuchakata mkonge), aliyebaki Peramiho, aliyeolewa Muheza. Na "baba mdogo" eleza mara moja ni mdogo wa nani, tumbo lipi, kisha endelea.

Karatasi tafuta mapema. Parokia za zamani zina vitabu vya ubatizo vinavyopita umri wa wazee wote unaowajua, vingi vimeandikwa Kilatini, lakini maneno ni machache na hujirudia: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike. Usiende Jumapili. Nenda siku ya kazi, anza na katekista, beba jina la ubatizo na si la nyumbani tu. Nyaraka za serikali ya Mjerumani na Mwingereza ziko Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ila huko utapata zaidi habari za wilaya na mashamba kuliko jina la babu yako. Na fungua masanduku. Chini ya sanduku la bati la shangazi, ndani ya khanga, kulikuwa na kipande cha babu, kadi ya kazi yenye vyumba 30, siku moja kila chumba, kikijaa ndipo unalipwa. Vyumba 19 vimewekwa alama, 11 vitupu. Tulijiuliza sana siku ya 20 kulikuwa na nini. Hakuna ajuaye. Nilikipiga picha kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa simu ili kisitoe mng'ao, pande zote mbili, nikakirudisha kwenye khanga yake. Usiondoke na kitu cha mzee kwa ahadi ya kurudisha.

Kwenye kuandika sina mengi. Usianze na asili ya kabila. Mimi nilianza na Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, akivuka Zambezi mwaka 1835, kama Wangoni wote wanavyoanza, nikaandika kurasa sita, kisha nikazifuta. Zwangendaba yuko kwenye vitabu vya shule. Kopo la bibi haliko popote. Sura ya kwanza sasa inaanza na foleni ya posho.

Kabla ya kuchapa, soma kwa sauti mbele ya ndugu. Usitume faili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu watasoma jina lao tu na kugombana kwa sauti za kurekodi usiku kucha. Kusanya wachache, pika, soma. Hapo utajua lipi halisemeki: mtoto wa nje ambaye mwenyewe hajaambiwa, ugonjwa wa marehemu, mpaka wa shamba ambao una kesi. La mpaka mimi nililitoa kabisa, maana kitabu kinaweza kuletwa barazani kama ushahidi. Mtu aliye hai akikataa habari yake kuingia, isiingie.

Mimi niliruka hatua hiyo kwa tawi moja la mbali, nikachapa nakala 40. Wiki mbili baadaye baba mdogo wa Mpanda akapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha: "Mwanangu, nasikia kwenye kitabu mimi ni marehemu." Nilimchanganya na mwenye jina lake. Nilibandika karatasi ya masahihisho kwenye nakala zote 40 kwa gundi ya shule, na yake nikampelekea mwenyewe, na kuku.

Uchapaji wenyewe si mgumu. Ukubwa wa A5, herufi zisipungue pointi 12 kwa ajili ya macho ya wazee, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 ikiwa kitabu kitabanwa pini katikati. Kikiwa kinene, bandika kwa gundi. Dai nakala moja ya majaribio kwenye karatasi, si kwenye kioo cha kompyuta. Mchapaji wangu alitoa picha nyeusi tii, babu akawa kofia tu, na bila nakala hiyo tungegundua baada ya kulipa. Kama kitabu ni cha ndugu, ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, si lazima; ukitaka kuuza, unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nakala moja peleka parokiani, moja maktaba ya mkoa. Kwenye faili la kusambaza kwa simu, toa tarehe za kuzaliwa za walio hai.

Na acha kurasa nne za mwisho tupu, zenye mistari. Nakala ya shangazi tayari imejaa. Haandiki mwenyewe, anamtuma mjukuu baada ya shule. Ukurasa wa kwanza una jina la yule mnyapara wa foleni, ambalo mwaka mzima aliniambia amelisahau.