Windows Ikikataa Kusasishwa: Hatua za Kufuata Kabla ya Kufomati Kompyuta

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu hapa katikati ya jiji la Nairobi kwa sababu ya sasisho lililokwama huwa tayari zimehukumiwa: mwenyewe ameshaambiwa kwamba dawa ni kufomati diski na kuweka Windows upya. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Chanzo huwa ni saa iliyopotoka, diski iliyojaa, intaneti inayokatika au faili zilizoharibika, na yote hayo yanaweza kurekebishwa nyumbani bila kupoteza hata picha moja.

Kwanza nakili faili zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha uchomeke chaja. Ikiwa betri ya laptopu imekufa na mtaa wako hupotewa na stima mara kwa mara, subiri wakati umeme umetulia, kwa sababu kompyuta inayozimika katikati ya usakinishaji ndiyo huzaa matatizo magumu zaidi.

Hatua ya 1: Tambua toleo na msimbo wa hitilafu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R ili kisanduku kidogo cha kuandikia amri kifunguke, andika `winver`, kisha ubonyeze Enter. Ikiwa ni Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukikosa masasisho mapya ya usalama kwenye mashine ambayo haijaandikishwa katika mpango wa Microsoft wa masasisho ya usalama ya nyongeza (ESU), hilo si hitilafu ya kutafutiwa fundi.

Fungua tena kisanduku hicho, andika `ms-settings:windowsupdate-history`, utafute sasisho lililoshindikana na unakili msimbo wake unaoanza na 0x. Uandike kwenye karatasi, kwa kuwa hatua ya 4 itafuta orodha hiyo. Fundi anayeanza kazi bila kuusoma msimbo huu anabahatisha, na anabahatisha kwa mali yako.

Hatua ya 2: Rekebisha saa

Msimbo 0x80072F8F kwa kawaida huhusiana na tarehe isiyo sahihi. Hitilafu hii huwapata sana wanaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile zinazouzwa katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli, kwa sababu betri ndogo ya ubao mkuu huwa imezeeka. Kompyuta ya mezani ikichomolewa kwenye umeme usiku kucha, asubuhi huamka ikiamini kwamba ni mwaka uliopita zamani. Windows inapowasiliana na seva za Microsoft, hulinganisha tarehe hiyo na muda wa vyeti vya kidijitali vya seva. Ikiona cheti kama kwamba hakijaanza kutumika, hukataa mawasiliano.

Andika `timedate.cpl` katika kisanduku kilekile, uweke tarehe sahihi, na uhakikishe kwamba ukanda wa saa ni UTC+03:00 Nairobi, si London. Tarehe ikirudi nyuma tena baada ya kuzima, badilisha betri. Katika kompyuta za mezani kwa kawaida ni CR2032, bapa na ya duara, yenye volti 3. Katika laptopu nyingi huwa imeunganishwa kwa waya mfupi, na hapo ni heri umwachie fundi.

Hatua ya 3: Nafasi na intaneti

Msimbo 0x80070070 unamaanisha diski imejaa. Andika `cleanmgr`, chagua diski C, kisha uchague kusafisha faili za mfumo. Soma kila kisanduku kabla ya kukitia alama: ukifuta usakinishaji wa awali wa Windows hutaweza kurudi kwenye toleo lililotangulia, na folda ya vipakuliwa ikitajwa, usiifute kabla ya kuikagua.

Msimbo 0x80072EE2 huonyesha kwamba mawasiliano yalichelewa mpaka muda ukaisha. Usitegemee bando dogo la simu kwa kazi hii. Kagua pia kama mtandao wako umewekewa alama ya matumizi yanayopimwa (metered connection), kwa kuwa Windows huahirisha upakuaji mwingi katika hali hiyo.

Hatua ya 4: Ondoa vipande vilivyopakuliwa vibaya

Tafuta `cmd` katika menyu ya Start, uibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uifungue kama msimamizi. Andika mstari mmoja mmoja:

`net stop wuauserv`
`net stop bits`
`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.zamani`
`net start bits`
`net start wuauserv`

Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Ikikwambia folda inatumika, washa kompyuta upya, urudie amri hizo.

Hatua ya 5: Tengeneza faili za mfumo

Katika dirisha hilohilo andika:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

Ikimaliza, andika:

`sfc /scannow`

Mpangilio huu una sababu: amri ya pili huchukua faili zisizoharibika kutoka kwenye ghala ambalo ile ya kwanza hulitengeneza. Asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa dakika nyingi, hasa kwenye diski za zamani zinazozunguka, usifunge dirisha. Kisha washa kompyuta upya, ujaribu sasisho tena.

Hatua ya 6: Ikiwa bado inakataa

Msimbo unaoanza na 0xC1900101 kwa kawaida huelekeza kwenye dreva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani. Chomoa printa, flashi na vifaa vyote usivyovihitaji, kisha usasishe dreva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta.

Hilo lisipofaa, pakua faili ya ISO (faili moja yenye usakinishaji wote wa Windows) ya toleo lako kutoka tovuti ya Microsoft, uifungue ukiwa ndani ya Windows na uendeshe `setup.exe`. Kabla ya kukubali kuanza, hakikisha umechagua kubakiza faili binafsi na programu. Chaguo hilo likiwa halipatikani, simamisha kazi hapo hapo, kwani huenda lugha au toleo la ISO halilingani na Windows iliyopo.