Kabla ya kumkabidhi mtu mgonjwa wenu: mambo ya kuandika kwenye mkataba

Nyumba nyingi hapa Dodoma zina mzazi anayeuguzwa baada ya kiharusi, huku watoto wakiwa kazini Dar es Salaam, Mwanza au hapa hapa kwenye ofisi za Mtumba. Anatafutwa dada wa kumhudumia, mara nyingi kutoka Kondoa, Chemba au Singida, mshahara unatajwa kwa simu, na kesho yake anaanza kazi. Msifanye hivyo. Kaeni chini muandike.

Mambo ya awali hayahitaji maelezo marefu, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeyataja: jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alikoajiriwa na atakakofanyia kazi, kazi zenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Chakula na malazi navyo viandikwe. Mshahara usipungue kima cha chini kilichowekwa na Amri ya Mishahara ya serikali inayotumika wakati huo, hata kama jirani analipa kidogo. Ikiwa dada hasomi vizuri, aelezwe mpaka aelewe, kwa kuwa hilo nalo ni agizo la sheria.

Amueni pia mwajiri ni nani. Ndugu wanapochangishana, mmoja asaini na alipe tarehe iliyoandikwa hata kama michango ya wenzake haijafika, maana mtoto wa watu hapaswi kuzungushwa kutoka kwa kaka mkubwa hadi kwa shangazi akidai jasho lake.

Sasa usiku, ambao ndio watu huusahau. Majirani zangu wa Nkuhungu walimwajiri binti amhudumie mama yao aliyepooza upande mmoja, na makubaliano yote yalikuwa ya mdomo: "utamwangalia mama". Mchana alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alifua mashuka na kupika. Usiku alilala kwenye godoro chini kando ya kitanda, kwa sababu hospitali ilisisitiza kwamba mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na akapewa daftari la shule aandike kila alipomgeuza. Daftari lile nililishika baadaye. Kurasa za mwanzo zimejaa: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kadiri unavyofunua, mwandiko unalegea, saa nane inakosekana, halafu saa kumi, hadi unafika ukurasa wenye saa nne peke yake. Mama alichimbika kidonda chini ya kiuno. Familia ilimwita binti mzembe, ikamfukuza siku hiyo hiyo na kuuzuia mshahara wake ili kufidia dawa. Alipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, alieleza kwamba aliajiriwa kwa kazi ya mchana. Wao wakadai usiku ulikuwamo. Pasipo mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha huwa juu ya mwajiri, nao hawakuwa na karatasi yoyote. Walilipa, na mama akaendelea kuuguza kidonda. Binti yule hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka kupita uwezo wa mwili.

Kwa hiyo usiku uandikwe saa kwa saa. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na hata ukiongeza za ziada siku moja haipiti saa 12. Mapumziko ya kila siku ni saa 12 mfululizo. Kwa anayeishi hapo kazini yanaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi tu. Kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na kila wiki kuna saa 24 za kupumzika. Ukizipanga saa hizo utaona kwamba mgonjwa wa kugeuzwa anahitaji watu wawili. Wa pili akiwa mwanafamilia, jina lake na zamu zake ziandikwe, kwani "tutasaidiana" si zamu.

Yaliyobaki ni mafupi. Dawa ziorodheshwe kwa saa na kipimo, na ielezwe nani wa kupigiwa simu hali ikibadilika. Msikate mshahara kwa kikombe kilichovunjika, kwa sababu makato yana masharti yake kisheria. Likizo ni siku 28 kwa mwaka: ulizeni mapema kama atataka kwenda kulima mvua zikianza Desemba, na mbadala wake ajulikane tangu Novemba. Notisi ya kuvunja mkataba kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, au siku 7 akiwa bado katika mwezi wa kwanza. Andikeni pia kuhusu kumpiga mgonjwa picha, kuhusu wageni, na funguo za nyumba zinakaa kwa nani.