Jinsi ya kupanga nyimbo za kantri ili babu na wajukuu wasigombee spika

Jumapili familia ikikutana, iwe Kimara au Tabata, pilau liko jikoni, lazima babu atataka Jim Reeves, mama mdogo atamtaka Dolly Parton, na madogo wameshika simu wanavizia bluetooth iachiwe tu wapige vitu vyao. Kantri, ule muziki wa Marekani wa magita na hadithi, inaweza kuwakalisha wote sebule moja, ila inabidi upange.

Kwanza usipange kwa miaka. Wengi wanaanza na za zamani halafu wanashuka mpaka za sasa, matokeo yake mwanzoni madogo wote wako kibarazani na TikTok, zikifika zao wazee washaenda kulala. Changanya. Na kabla hujachanganya waulize wenyewe, usikisie kwa umri, maana kuna mashangazi wameikariri Old Town Road ya Lil Nas X kwa sababu ya wajukuu na kuna vijana wanamkubali Don Williams kuliko baba zao.

Kwa madogo kinachowashinda sio gita, ni kwamba hawajakaa kusikiliza kinachosemwa. Sasa wewe wahadithie kama unawapa ubuyu. He'll Have to Go ya Jim Reeves, ya 1959, ni jamaa kampigia mpenzi wake simu, anajua kabisa kuna mwanaume mwingine pale pale, anamwambia sogeza mdomo karibu na simu halafu nijibu, nikate simu au utamwambia huyo mtu aondoke? Ukishawaambia hivyo wanataka kuusikia tena. Lucille ya Kenny Rogers, 1977, mwanamke yuko baa kavua pete, mara mume anatokea kulalamika kwamba kaachwa na watoto wanne wenye njaa na mazao shambani. Yani wazee wanaosema nyimbo za siku hizi ni pombe tupu huu wanauimba mwanzo mwisho, na hadithi yote iko baa! Mi naona Kenny Rogers ndo wa kuanzia, ni ngumu kumpata mtu asiyemuelewa.

Baada ya hapo tafuta nyimbo zenye matoleo mawili, hapa ndo utamu ulipo. Jolene ya Dolly ya 1973 mwanamke anamuomba mwenzie kwa unyenyekevu asimchukulie mume, ya Beyoncé ya 2024 haombi mtu, anatoa onyo. Piga zote mbili zikifuatana halafu kaa pembeni uwasikilize akina mama na mabinti wanavyobishana nani yuko sahihi, hapo hata chai itapoa. I Will Always Love You nayo hivyo hivyo, wengi waliiokota kwa Whitney Houston 1992 hawajui Dolly ndo aliitunga na aliitoa 1974. Fast Car ya Tracy Chapman ni ya 1988, Luke Combs kairudia 2023, kijana na mjomba wake kila mtu anaona ni ya kwake.

Ya madogo weka A Bar Song ya Shaboozey, wazazi wake ni Wanigeria, mwaka 2024 ilikaa namba moja Marekani wiki 19, sawa na Old Town Road ya 2019. Imejengwa juu ya Tipsy ya J-Kwon ya 2004 kwa hiyo makaka waliokuwa sekondari enzi hizo nao watainuka. Babu atasema hiyo sio kantri, usibishane nae, hata Billboard, lile jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, waliitoa Old Town Road kwenye chati yao ya kantri. Ila akizidi mkumbushe kwamba banjo, ile ala ya nyuzi inayosikika sana kwenye kantri, ilipelekwa Marekani na Waafrika waliofanywa watumwa.

Mengine ni madogo madogo. Pakua nyimbo mapema usitegemee bando, punguza besi ikifika zamu ya Jim Reeves maana sauti yake ni nzito tayari, Don Williams mwache mpaka watu washibe (huyu alienda mpaka Harare kupiga shoo 1997, wazee wanamuona ndugu). Za Krismasi za Jim Reeves, ile albamu ya 1963, zitengee listi yake uifiche mpaka Desemba, maana ukimwekea babu hata mmoja mwezi wa sita atazitaka zote.